Mwiko wa Shangazi

Siku kijana alipofungua kiwanda chake kidogo cha bia, mji uliokuwa umelala ulichangamka. Nyumba ya wageni ilijaa, mafundi walipata ajira, na wafugaji wa nguruwe waliharakisha kuweka oda ya machicha ya bia ya kulishia.

Shangazi yake, mpika pombe ya kienyeji aliyemfundisha kazi, akamkabidhi mwiko wake, uliolika upande mmoja kwa kukoroga.

"Chukua, baba. Mimi sina mapipa tena."

Kijana akaupokea kwa mikono miwili, macho chini. Ni yeye aliyewapigia polisi simu, wakayabeba mapipa ya shangazi, ili apate kuuza peke yake.

"Watu wamepata kazi, nimefurahi," shangazi akasema, akimwekea kola sawa. "Ila mapipa niliyaficha nyuma ya banda la kuku, na aliyepajua ni wewe tu."

Akamsogeza kwenye pipa.

"Koroga, baba. Watu wanasubiri."