Mpira wa Mzee Badibanga

Mama Bitota aliurusha ule mpira uani, ukadunda mara moja miguuni mwa mwanawe.

"Kamata kintu yako! Toka nayo kwangu!"

Lumbala hata begi hakuwa amelitua. Treni ya Lubumbashi ilikuwa imemshusha Kamina asubuhi hiyo. Aliuokota. Hasira zikampanda. Mpira wake wa kriketi, mwekundu, wa ngozi, aliowatolea nje wachezaji sita kwa siku moja kule Zambia! Sasa umepauka, umevimba, nyuzi za mshono zimeachia. Tena unanuka vitunguu. Ajabu gani hii?

Miaka kumi na mmoja alilipwa kurusha mipira ile, mpaka bega likakataa. Nani Kamina aliiheshimu kazi yake? Siku ya kuondoka alisema anakwenda kucheza "criquet", neno ambalo kwa Kifaransa ni panzi, na stesheni nzima ikaangua kicheko. "Panzi! Badibanga amesomesha mutoto aende kukamata panzi!" Baba yake hakucheka. Alimgeuzia mgongo, na tangu hapo hakuuliza habari za kazi hiyo.

Mpaka mwezi wake wa mwisho duniani. Mama alipiga simu: mzee hagusi chakula tena, anaomba kitu kimoja tu, criquet ya Lumbala. Lumbala alilia palepale. Timu ilimnyima ruhusa ya kusafiri, basi akaufunga mpira ule kwa kitambaa safi, akamkabidhi dereva wa lori. Baba amekubali, alijiambia. Hatimaye amekubali.

"Mama, baba alikufa anaishika mu mukono? Niambie ile moja tu, alafu nitatoka."

"Mu mukono!" Mama Bitota alipiga makofi kwa uchungu. "Muntu anakufa, anatamani kintu ya kazi ya mutoto wake, na weye unatuma hii!"

"Nilituma ile nzuri kupita yote!" alifoka Lumbala.

"Nzuri?" Machozi yalimtoka mama, hasira zake zikiwa bado palepale. "Minyi nilisema, labda kule Zambia njo banabafunga vile, panzi mingi mu ngozi moja. Tuliichemsha siku mbili, Lumbala. Siku mbili, na vitunguu! Na baba yako, na meno yake tatu, akasema: leteni vilevile, iko ya mutoto wangu."