Kibao cha Bi Sauda

Bi Sauda alirudi sokoni na kikapu cha makaa, akawakuta mafundi wakipigilia kibao juu ya mlango wake. Akakisoma: "Katika nyumba hii aliishi mtunzi wa mashairi, Bi Sauda binti Makame."

"Aliishi?" aliuliza. "Nani kawaambia nimekufa?"

Bwana Khelef wa halmashauri akasogea kwa heshima. "Shikamoo, Bibi. Tumetaka kukuenzi. Nyumba itakuwa ya makumbusho, wageni waje waione. Wewe utahamia kwa mwanao, ukapumzike."

"Marahaba. Na mashairi nitayatungia wapi?"

"Bibi, kwani hujatunga ya kutosha?"

Beti zake zote Bi Sauda alizianzia kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, akisubiri chungu kichemke. Marehemu mumewe alitaka kuupaka chokaa ukuta ule, wakakosana mwaka mzima, na chokaa haikupakwa.

Akatua kikapu, akapanda juu ya baraza. Mafundi wakampisha. Rangi ilikuwa mbichi bado, basi akaifuta "li" kwa pindo la kanga, akaandika "na" kwa kipande cha mkaa. Sasa kibao kikasema: anaishi.

"Bibi, hicho ni cha serikali!"

"Na nyumba ni yangu."

Akaingia ndani, akakomea mlango. Bwana Khelef alibaki nje na mafundi wake, akasikia sauti ya kizee jikoni ikijaribu mshororo, ikiukataa, ikiuanza upya. Katika mshororo wa tatu alisikia jina lake.