Mwaka Mmoja Zaidi

Kila Olivier alipokuja kutoka chuoni Columbus, kabla hajasalimia watu vizuri, baba yake alimkalisha jikoni, akafunga mlango, akamnyoa kipara.

Rogers, rafiki wa familia, alikwisha kuzoea. Alikaa sebuleni akisikiliza mashine inavyonguruma upande wa pili.

"Mnamnyoa kama kondoo," alimtania Mutesi, mama wa kijana.

"Baba yake ndiye anataka hivyo," Mutesi alisema, akammiminia chai. Kisha akaita kuelekea jikoni, "Papa, ukimaliza njoo ukule."

Papa. Miaka yote Rogers hakuwahi kumsikia akimwita mwanawe kwa jina. Aliona ni desturi ya akina mama wa Kongo, kumwita mtoto wa kiume baba.

Ilikuwa Desemba ya 2014, South End, Louisville, Marekani. Rogers, Mtanzania, na Bisogo, baba wa kijana, mtu wa milima ya Kivu Kusini, waliendesha foklifti katika ghala moja Jeffersontown. Rogers ndiye aliyemfundisha Olivier kurusha mpira wa Kimarekani, familia ilipofika kutoka kambi ya wakimbizi. Sasa kijana alikuwa kwotabeki wa chuo kimoja cha Columbus, yule anayeshika mpira kwanza na kuamua uende wapi. Wenzake walimwita Babu, kwa sababu hakuwa na papara.

Na sasa kulikuwa na mtu wa timu ya Buffalo, mtafuta wachezaji. Alikuja kumtazama akicheza, akarudi tena, mwishowe akasema: aache chuo Januari hii, ajiandikishe kwa timu za kulipwa, sisi tutamchukua.

Bisogo alitaka aende. Rogers hakutaka.

"Ana miaka ishirini na moja," Rogers alisema baba na mwana walipotoka jikoni. "Mifupa bado laini. Huko atakutana na majitu ya miaka thelathini, watamvunja kama muwa. Mwache amalize chuo, anenepe, mkono upate nguvu."

"Bon. Wewe unajua mpira. Mimi najua mutoto yangu. Aende."

"Sema ukweli, mzee. Umeshachagua nyumba kule Buffalo, karibu na uwanja."

Bisogo hakucheka. Alikwenda kumwaga nywele kwenye pipa la nje, akarudi.

Rogers aliona tamaa, na tamaa hiyo aliijua. Yeye mwenyewe aliacha shule kidato cha pili akakimbilia machimbo ya dhahabu Geita. Hakupata dhahabu, na shule haikumngoja. Akaapa moyoni kwamba huyu hatapotea hivyo.

Likizo ilipokwisha, alijitolea kumrudisha Columbus kwa gari lake. Walipokwisha kupita Cincinnati, akaanza.

"Usimsikilize baba yako. Mwaka mmoja zaidi tu."

"Tonton," Olivier alisema, kama alivyozoea kumwita mjomba, akiangalia barabara, "mimi sina huo mwaka."

"Huna? Wewe una miaka ya kutupa. Mtoto mdogo kabisa wewe."

Olivier akageuka kumtazama. Kisha uso wake ukalegea, kama mtu aliyesikia jambo analotamani liwe kweli.

"Unaona hivyo, tonton? Kwamba bado ni mtoto?"

"Naona hivyo. Kocha wako naye anaona hivyo. Muulize."

Januari ikapita. Olivier hakujiandikisha. Bisogo hakumlaumu Rogers, ila kazini aliacha kula naye chakula cha mchana.

Vuli iliyofuata, mpira haukuruka kama zamani. Kocha aliwaza, hakuelewa. Vijana wote wa rika lile walikuwa wakiongezeka kifua na mabega, huyu alikuwa akipungua. Asubuhi alishuka ngazi za bweni kwa kushika ukuta. Novemba, jitu moja lilimwangukia na goti likaachia. Daktari alitazama picha, akauliza kijana huyu amefanya kazi gani nzito utotoni mpaka gegedu la goti likaisha namna hii.

Buffalo wakapiga simu kwa kocha. Hawatamchukua sasa. Lakini hawamtupi. Apumzike, apone mwaka, hata miwili, halafu wamtazame upya. Bado ni kijana.

Rogers alipozisikia habari hizo, alipita dukani akanunua soda, akaendesha hadi nyumbani kwa Bisogo. Alikuta magongo ya Olivier yameegeshwa sebuleni. Mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma, lakini safari hii mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Hakuna aliyejali kuufunga.

"Msikate tamaa," Rogers alisema akiwa kizingitini. "Umri uko upande wetu. Akikaa mwaka mzima atakuwa na ishirini na tatu tu. Wengine ndio kwanza wanaanza."

Bisogo alizima mashine. Olivier hakugeuka. Mabegani kwake na sakafuni nywele zilikuwa zimetapakaa, na katikati ya zile nyeusi Rogers aliona nyeupe, nyingi, kama majivu.

"Mwambie," Bisogo alimwambia mkewe. "Akijua, itatuponza na nini tena?"

Mutesi aliinama akaanza kufagia.

"Olivier tulimuzika kambini, Rogers, alikuwa na miaka munane," alisema. "Karatasi zake ndizo tulikuja nazo. Huyu ni ndugu yake mukubwa."