Nyuma ya Kichaka

Miaka ile ya zamani, baraza la wanyama wa mbugani lilikuwa la madume watupu. Majike walisimama nyuma ya kichaka wakisikiliza.

Kiangazi kimoja mto ulikauka. Nyati, mwenyekiti mpenda sifa, akamgeukia Punda Milia dume.

"Wewe huwafikisha wenzako kwenye bwawa la mbali kila mwaka. Tuonyeshe njia."

Punda Milia akainamisha kichwa. "Mwenyekiti, mimi hutembea nyuma, kuwalinda. Njia siijui. Ninachokijua ni mkia wa mke wangu, Sikitu."

Sikitu akaitwa, akapewa nafasi katikati ya baraza. Akawaongoza siku tatu, wakafika, wakanywa.

"Mbona miaka yote hukusema kwamba njia unaijua wewe?" Nyati akamuuliza.

"Nilisema, mwenyekiti. Kila kikao nilisema."

Sikitu hayupo tena. Nusu ya viti vya baraza sasa ni vya majike, na Nyati amezeeka, macho hayaoni vizuri. Lakini hafungui kikao kabla hajauliza, kwa sauti ya chini, kama nyuma ya kichaka kuna yeyote aliyesimama.