Makala ya Somoe Kuhusu Muhogo Mchungu

Sheria ya majarida ya sayansi ni hii, na mimi sisahau: jarida likichapisha utafiti wako, utafiti unakuwa wao, pamoja na ule uliobaki kichwani mwako. Unasaini, unaingia chumbani kwao, unavishwa kofia, unatoka mwepesi, hukumbuki kitu. Halafu watu wanakupongeza!

Mdogo wangu Somoe aliandika kuhusu muhogo mchungu, jinsi marehemu mama yetu alivyouloweka na kuuvundika mpaka sumu itoke. Makala ilipotoka tulipika pilau, tukapiga vigelegele kama wajinga.

Jana nimemkuta jikoni anaumenya muhogo ule ule na kuutia sufuriani hivyo hivyo, wanawe wamekaa na sahani wanasubiri.

"Somoe! Unataka kuwaua?"

"Dada nawe! Si muhogo tu huu?"

Nikaumwaga wote uani. Watoto wakalia njaa, yeye akanicheka. Wamebeba ujuzi wa mama yetu, watu wasiomjua hata jina, wakamwachia binti yake kisu na sufuria. Eti sayansi!

Basi nikafungua madirisha, anayetaka kuniripoti akaniripoti. Mimi sikusaini popote. Nikawafundisha wale watoto kwa sauti kubwa: menya, loweka, vundika, kamua, anika juani.

Somoe alinisikiliza mdomo wazi, macho yanang'aa kama siku ile alipopata shahada.

"Dada, hili hakuna aliyewahi kuliandika," akasema, huku anatafuta kalamu. "Ngoja nilifanyie makala."