Maji ya Hewani

Ukumbi wa chuo pale Kumasi ulilipuka kwa makofi mashine ya Profesa ilipotiririsha maji, eti imeyavuna hewani. Hewani, na upepo wa jangwani ulivyowapasua watu midomo!

"Serwaa, mwanafunzi wangu, hebu njoo uyaonje."

Serwaa akapiga funda moja. Kitu kikamganda ulimini: kipembe cha plastiki, kile watu wanachokikata kwa meno wakifungua mfuko wa maji ya dukani.

"Waambie, binti yangu," Profesa akasema, akimsogezea kipaza sauti. "Ila ujue shahada yako naisaini mimi!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Serwaa akakitoa kile kipembe kwa ncha ya kidole. Kwa mkono wa pili akashika kipaza sauti.

Profesa hakukiachia.