Maji ya Mvua

Profesa Lugendo alikuwa amefuta jina la mwanafunzi wake, Tausi, kwenye utafiti na kuandika lake. Leo, mbele ya wafadhili, alichanganya maji na chembe nyeusi, laini kuliko unga, akayamimina kwenye mrija uliojaa mchanga.

"Yatatoka safi, mtayanywa hapahapa," alitamba.

Tausi alijua hayatatoka safi. Yeye alikuwa akitumia maji ya kisima, kwa sababu chumvi yake ndiyo inayozifanya chembe zing'ang'anie mchanga. Profesa, kwa kupenda unadhifu, alichota ya mvua.

Yakatoka meusi.

"Mwanangu, tumekosea wapi?" alimnong'oneza.

"Utafiti ni wako, Profesa."

Glasi ilipojaa, Tausi akasogeza nyingine, tupu, chini ya mrija.